Makaburi ya umma ni ya nani? Historia ya ahadi zilizozikwa chini ya mji mdogo

Mafundi wanachimba mtaro wa maji machafu katikati ya mji. Koleo la mashine linaibuka na ubao uliooza, na nyuma ya ubao mfupa. Kazi inasimama, watu wanajaa, ubishi unaanza. Huyu anaapa kwamba hapo hapakuwahi kuwa na makaburi, maana hajaona jiwe hata moja tangu azaliwe. Yule anasema makaburi yalikuwepo lakini yalihamishwa zamani. Wa tatu anadai babu yake alinunua kaburi hapo, na kilichonunuliwa hakichukuliwi. Ofisa wa mji anajibu kwamba ardhi ni ya umma na mji ndio wenye kauli. Kila mmoja ana chembe ya ukweli mkononi, na kila mmoja anaidhani kuwa ndiyo ukweli mzima.

Mabishano haya hurudi kila mji unapopanuka, na kwa maoni yangu mzizi wake ni mmoja. Tunayachukulia makaburi ya umma kana kwamba yamekuwepo tangu na tangu, kama mto au kilima. Kumbe katika sura tunayoijua leo yana umri wa miaka mia mbili na ushei tu. Yalibuniwa na watu waliokuwa na shida zao za wakati ule, na watu hao waliahidi mambo: tutamzika kila mtu, tutakutunzia kaburi lako daima, tutakumbuka uko wapi. Waliotoa ahadi wamekufa, waliopewa wamekufa, na anayedaiwa ni mji uliobaki. Ukitaka kujua kaburi ni la nani, inabidi ufuatilie nani aliahidi nini.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya ugomvi imo humo.

Makaburi ya kanisa, au ya nyumba yoyote ya ibada, huwa ya jumuiya ya waumini, na ndiyo inayosema nani azikwe. Makaburi ya umma ni mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzikwa bila kuulizwa dini wala ukoo. Hapo neno "umma" linatueleza nani anapokelewa. Halituelezi nani anamiliki. Mwenye ardhi anaweza kuwa manispaa, na hapo ndipo tunasema makaburi ya manispaa, lakini pia anaweza kuwa chama cha familia zilizochangishana, au hata kampuni. Miji mingi ina makaburi ambayo kila mtu huyaita "ya umma" kwa miaka mia, kisha siku ya kesi inagundulika kwamba mji haukuwahi kuwa na hati yake.

Neno la pili ni haki ya kuzika. Mtu akisema "nimenunua kaburi", karibu mara zote alichonunua ni haki ya kuweka maiti katika kipande fulani, na pengine kusimamisha jiwe juu yake. Ardhi yenyewe hubaki kwa mwenyewe. Ni kama tikiti ya basi yenye namba ya kiti: kiti ni chako, hakuna wa kukuinua, lakini basi si lako, na safari ina mwisho ulioandikwa kwenye tikiti. Tatizo la makaburi ni kwamba tikiti nyingi za zamani ziliandikwa "daima", na nyingine hazikuandikwa kitu.

Wafu walivyotolewa mjini, wakarudi, wakatolewa tena

Warumi walikuwa wazi. Sheria yao ya Mbao Kumi na Mbili, ya karne ya 5 kabla ya Kristo, ilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Ndiyo maana makaburi yao yalijipanga kando ya barabara za kutokea mjini, kama ile ya Via Appia, ambako msafiri alipita kati ya majina ya wafu kabla hajaliona lango.

Ukristo uligeuza mambo. Waumini walitaka kulala karibu na mabaki ya watakatifu, na watakatifu walikuwa makanisani, na makanisa yalikuwa mjini. Kwa zaidi ya miaka elfu moja mji wa Ulaya, mkubwa kwa mdogo, ulizika uani kwa kanisa, na wenye nafasi walizikwa chini ya sakafu ya kanisa lenyewe.

Uwanja mdogo namna hiyo ulitoshaje kwa karne kumi? Jibu linawashtua wengi: makaburi yalitumika tena na tena. Maiti ilizikwa, mwili ukarudi udongoni, mifupa ikafukuliwa na kuwekwa kwa heshima katika nyumba ya mifupa, na shimo likampokea mwingine. Kwa hiyo anayedhani kwamba kutumia kaburi upya ni aibu ya siku hizi, iliyoletwa na tamaa ya ardhi, amepindua historia. Kwa mtu wa kawaida, kaburi la peke yake lenye jina lake na la kudumu ndilo jambo jipya. Mababu wa kale wa watu wa Ulaya hawakulijua.

Mpango huo ulishindwa miji ilipojaa. Mfano unaotajwa sana ni wa Paris, ambako mwaka 1780 ukuta wa chumba cha chini cha nyumba iliyopakana na makaburi ya Watakatifu Wasio na Hatia ulibomoka kwa uzito wa maiti zilizorundikana upande wa pili. Makaburi yakafungwa, na kuanzia miaka ya 1780 mifupa yake na ya makaburi mengine ikahamishiwa katika mahandaki ya machimbo ya mawe chini ya jiji. Wanakadiriwa kuwa zaidi ya watu milioni 6. Paris lakini ni jiji kubwa, na kisa chake kinaweza kutupotosha tukadhani tatizo lilikuwa la majiji tu. Mimi naona somo zuri zaidi liko katika mji mdogo.

New Haven: mji wa watu elfu nne na kitu

New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ulianzishwa mwaka 1638. Katikati yake waanzilishi waliacha uwanja wa wazi, ambao mpaka leo unaitwa Green, na nyuma ya nyumba ya ibada iliyokuwa kwenye uwanja huo walizika wafu wao. Hapakuwa na mpango wala ramani ya safu. Aliyefiwa alitafuta nafasi akachimba. Kwa karibu miaka 150 hilo lilitosha, kwa sababu mji ulikuwa mdogo: sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watu wasiofika elfu tano.

Kisha mwaka 1794 ikaingia homa ya manjano, ugonjwa ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa umeifyeka Philadelphia. Mji ulizika haraka, katika uwanja ambao tayari ulikuwa umejaa, na watu walioishi kandokando wakaanza kuuangalia ule uwanja kwa hofu. Mwaka 1796 James Hillhouse, seneta na raia mashuhuri wa mji, alizikusanya familia zaidi ya thelathini, wakanunua shamba pembeni mwa mji, kama ekari 6. Mwaka 1797 bunge la Connecticut likawapa hati ya kuwa chama kinachotambuliwa kisheria, na Novemba mwaka huo akazikwa mtu wa kwanza.

Leo panaitwa Makaburi ya Grove Street, na ukiingia ukiwa hujui historia yake utaona sehemu ya kawaida kabisa. Ukawaida huo ndio ushahidi wa jinsi wazo lao lilivyoshinda. Eneo lilipimwa kwa kamba na kugawanywa kama mji: njia zilizonyooka, zenye majina ya miti, na vitalu kando yake. Kila familia ilipata kipande chake, baba, mama na watoto wakalala pamoja. Kabla ya hapo aliyetaka familia yake izikwe pamoja alikuwa na njia moja, kuzika shambani kwake. Na shamba huuzwa, hurithiwa na asiyejali, hulimwa. Waanzilishi wa Grove Street waliitoa familia ya wafu katika mikono ya soko la ardhi na kuikabidhi kwa chama kisichokufa, kisichotafuta faida. Pametambuliwa kuwa miongoni mwa makaburi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa mtindo huo, miaka 7 kabla ya Paris kufungua makaburi ya Père Lachaise na miaka 34 kabla ya makaburi ya Mount Auburn ya Massachusetts. Kufikia mwaka 1814 eneo la Grove Street lilikuwa limeongezwa hadi karibu ekari 18, na katika miaka ya 1840 likajengewa lango la mawe kwa mtindo wa Misri ya kale, lenye maneno ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho: wafu watafufuliwa.

Angalia sasa lile neno "umma" linavyoteleza. Grove Street ilitenga vipande kwa ajili ya makanisa ya mji, kwa ajili ya chuo cha Yale, na vingine kwa ajili ya wageni, maskini na watu weusi. Kwa maana hiyo ilikuwa ya wote kuliko uani kwa kanisa lolote. Lakini mwenye mali alikuwa chama cha wenye vipande, si mji. Na "wote" haikumaanisha pamoja: maskini na mweusi alipokelewa, akaonyeshwa pa kwake. Humo humo walilazwa Noah Webster aliyetunga kamusi, Eli Whitney wa mashine ya kuchambua pamba, mashine iliyoongeza mno kiu ya kazi ya watumwa huko kusini, na humo humo liko jiwe la kumbukumbu la Waafrika 6 wa Amistad, meli ambayo mateka wa biashara ya utumwa waliasi, waliofia New Haven baada ya kukamatwa mwaka 1839. Sijui kama kuna ukurasa wa historia unaosema mengi hivyo kwa nafasi ndogo hivyo.

Na ule uwanja wa zamani je? Hapa ndipo penye funzo kwa yule bwana wa mtaroni anayesema "makaburi yalihamishwa". Mwaka 1821 mawe yaliyosimama kwenye Green yaling'olewa yakapelekwa Grove Street, yakapangwa kando ya ukuta. Mawe, siyo watu. Uwanja ukasawazishwa, nyasi zikaota, vizazi vikacheza juu yake. Wanakadiriwa kuwa kati ya watu 5,000 na 10,000 wangali chini. Sehemu nyingine ya makaburi ilikuwa imeshaingia chini ya kanisa lililojengwa kati ya mwaka 1812 na 1814, na huko mawe zaidi ya 130 yamebaki pale pale yalipokuwa, ndani ya chumba cha chini.

Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipopita, mti wa mwaloni uliokuwa umepandwa kwenye Green mwaka 1909, kuadhimisha miaka mia tangu kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, ulianguka. Katika mizizi yake, ilipogeuka kuelekea angani, palikuwa na fuvu na mbavu za binadamu. Wako watu wa mji ule ule walioshangaa. Taarifa ilikuwepo kwenye vitabu muda wote. Kilichokosekana ni jiwe, na bila jiwe macho huamini kwamba hakuna kitu. Popote utakaposikia makaburi ya zamani "yalihamishwa", uliza swali moja tu: kilihamishwa nini?

Uamuzi sahihi kwa sababu isiyo sahihi

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo bado linatuchanganya leo. Familia za New Haven zilihamisha maziko kwa kuogopa homa ya manjano. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba magonjwa hutokana na hewa mbaya inayofuka kutoka kwenye vitu vinavyooza, na maiti ilikuwa ya kwanza katika orodha. Mwaka 1881 daktari Carlos Finlay wa Cuba alieleza kwamba homa ya manjano inaenezwa na mbu, na mwaka 1900 kundi la daktari Walter Reed likathibitisha. Makaburi hayakuwa na hatia.

Hata hivyo hofu ya hewa mbaya ndiyo iliyojenga makaburi ya umma karibu kila mahali. Ufaransa ilitoa amri Juni 1804: marufuku kuzika makanisani na ndani ya miji, kila mtu azikwe katika shimo lake, kina kiwe kati ya mita moja na nusu na mbili, na shimo lisifunguliwe tena kabla ya miaka 5 kwisha. Amri hiyo ilihusu miji midogo kama ilivyohusu Paris, na ndiyo iliyomfanya meya kuwa msimamizi wa wafu. Uingereza ilichelewa. Ilisubiri kipindupindu na viwanja vya makanisa vilivyofurika, kisha sheria za mwaka 1852 na 1853 zikaruhusu miji na vitongoji kuunda bodi za maziko na kununua ardhi kwa fedha za kodi. Katika muda mfupi miji midogo mingi ya Uingereza ikapata makaburi yake ya kwanza ya mji, na ukiyatembelea utaona mara nyingi vikanisa viwili vinavyotazamana: kimoja cha Waanglikana, katika upande uliobarikiwa, na kingine cha madhehebu mengine, katika upande usiobarikiwa. Mlipa kodi wa kila dini alikuwa amechangia, kwa hiyo kila mmoja alidai mlango wake.

Je, maiti ni hatari kwa afya? Shirika la Afya Duniani limerudia mara nyingi kwamba miili ya waliokufa kwa mafuriko au matetemeko haileti mlipuko wa magonjwa. Vijidudu vingi havidumu muda mrefu mwili unapopoa. Ipo tofauti ya kweli kwa waliokufa kwa magonjwa machache kama Ebola na kipindupindu, ambako wanaoosha na kubeba maiti wanahitaji kinga. Kwa makaburi yenyewe jambo la kuangaliwa ni maji: yasichimbwe mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na juu, wala jirani na kisima. Hiyo ni kazi ya mpimaji wa udongo, na inatatulika. Mtu anayetaka makaburi ya zamani yaondolewe mjini kwa sababu "yanaleta magonjwa" anarudia hofu ya karne ya 18.

Na kwa kuwa tumegusa kina: ile imani kwamba sheria inataka futi 6 kila mahali haina msingi. Amri ya futi 6 ilitolewa London wakati wa tauni ya mwaka 1665, ikabaki katika midomo ya watu. Kanuni ya sasa ya Uingereza kwa makaburi ya serikali za mitaa inataka jeneza liwe futi 3 chini ya uso wa ardhi, na inaruhusu 2 pale udongo unapofaa. Mashimo marefu huchimbwa kwa sababu nyingine, nayo ni kuzika watu wawili au watatu wa familia moja, mmoja juu ya mwingine.

"Daima" ni muda gani?

Turudi kwa yule ambaye babu yake alinunua kaburi, na tikiti yake ya "daima". Nchi zimetoa majibu tofauti kabisa, na ni vyema kuyajua kabla ya kukasirika. Ujerumani kaburi kwa kawaida hukodishwa kwa miaka 20 hadi 30 hivi, kutegemea mji na udongo, na familia isipoongeza muda nafasi hupewa mwingine. Uingereza makaburi ya serikali za mitaa hayaruhusiwi kuuza haki ya kuzika kwa zaidi ya miaka 100 kwa mara moja, ingawa inaweza kuongezwa. Ufaransa kuna vipande vilivyotolewa kuwa vya daima, lakini vikitelekezwa, na vikiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, mji unaweza kufuata utaratibu wa kisheria na kuvirudisha mikononi mwake. Marekani, kwa sehemu kubwa, ilishika neno "daima" kama lilivyo.

Hata huko, daima imeshavunjwa. San Francisco ilipiga marufuku maziko mapya mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikaamuru makaburi yaliyokuwepo yaondolewe, kwa kuwa ardhi ilikuwa imepanda thamani. Wafu kwa maelfu walisafirishwa kusini hadi Colma, mji mdogo uliopata hadhi ya mji mwaka 1924 kwa kusudi hasa la kuyalinda makaburi. Leo wakazi wake hai ni wapatao 1,500, na waliozikwa humo ni zaidi ya milioni moja. Waliokuwa na jamaa wa kulipa walihamishwa na mawe yao. Wengine waliwekwa katika makaburi ya pamoja, na mawe yao yakatumika kujengea kuta za kuzuia bahari na mitaro ya bustani. Ahadi ile ile, malipo yale yale. Aliyekuwa na mtu wa kumsemea alipona.

Nadhani tunakosea tunapolitazama jambo hili kama suala la heshima pekee. Ni suala la hesabu pia. Makaburi hupata fedha mara moja, siku ya kuuza nafasi, ilhali nyasi huota kila msimu. Nafasi zikiisha, mapato yanaisha, na kazi ndiyo kwanza imeanza. Fikiria mtu aliyelipwa nauli ya abiria wote siku ya kwanza kisha akatakiwa aliendeshe basi miaka mia mbili. Wakongwe wa kazi hii waligundua dawa yake mapema: mfuko wa matunzo, yaani sehemu ya kila mauzo inawekwa kando, haiguswi, na faida yake tu ndiyo inayolipa mfyekaji na fundi wa ukuta. Majimbo mengi ya Marekani yaliufanya mfuko huo kuwa wa lazima kwa makampuni ya makaburi, lakini mara nyingi sheria hizo haziyagusi makaburi ya mji wala ya dini. Matokeo yake ni kwamba makaburi yaliyotoa ahadi kwa watu wengi zaidi ndiyo yasiyo na akiba. Chama kikizeeka na kuvunjika, mji unarithi eneo, unarithi majani, haurithi senti. Mara nyingi mji hutupiwa lawama za uzembe ambao kwa kweli ni deni la miaka 80 iliyopita.

Walioko pembeni

Kila makaburi ya umma yana kona ambayo ramani huitaja kwa herufi tu. Injili ya Mathayo inasimulia jinsi vipande 30 vya fedha alivyolipwa Yuda kumsaliti Yesu vilivyonunua konde la mfinyanzi, liwe mahali pa kuzikia wageni, na kwa Kiingereza jina hilo, potter's field, limebaki hadi leo kwa sehemu ya wasio na mtu. Huko hapakuwekwa jiwe. Safu zilibanana. Na mji ulipohitaji barabara, ilipita huko, kwa sababu mwenye kulalamika hakuwepo.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani amezikwa katika mji, mawe ni shahidi dhaifu. Yanamtaja aliyekuwa na fedha ya kununua jiwe, na yenyewe huanguka, hubebwa, huzama. Shahidi bora ni rejista ya maziko: kitabu chenye jina, tarehe, kitalu na namba ya shimo. Mahali rejista ilipoungua au haikuwahi kuandikwa, wataalamu hutumia rada inayopenya ardhini. Hiyo nayo haioni mifupa, kinyume na wanavyodhani wengi. Inaonyesha mahali ambapo udongo uliwahi kufukuliwa na kurudishwa, kwa kuwa ardhi iliyochimbwa hairudi kamwe kuwa kama ilivyokuwa. Mtaalamu anaona mistatili yenye urefu wa mtu, imejipanga, na anajua.

Portsmouth, mji mdogo wa bandari katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, haukuhitaji rada. Oktoba 2003 mafundi wa mabomba walikuwa wakichimba mtaa wa Chestnut, wakakuta majeneza ya mbao. Kumbukumbu ya mwaka 1705 ilikuwa imeutaja uwanja wa kuzikia watu weusi, nje ya mji wa wakati huo, lakini mji ulivyokua uwanja huo ulipimwa kuwa mtaa, nyumba zikajengwa, lami ikamwagwa. Mabaki ya watu 13 yalitolewa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walikuwa na asili ya Afrika. Inakadiriwa kuwa wengine, pengine kufikia 200, wangali chini ya mtaa na nyumba. Wengi wao walikuwa watumwa wa familia ambazo majina yake yanasomeka vizuri katika makaburi mengine ya mji ule ule.

Mji ungeweza kufukia shimo na kuendelea na mabomba. Ungeweza pia kudai, kwa haki ya karatasi, kwamba hakuna aliyewahi kununua nafasi pale. Badala yake ulikaa na wazao na wakazi, ukakusanya fedha kwa miaka, na mwezi Mei 2015 wale 13 wakazikwa upya pale pale walipotolewa. Kipande hicho cha mtaa wa Chestnut kimefungwa na kufanywa bustani ya kumbukumbu. Magari huzunguka kwa njia nyingine.